Picha zilisema titi safi, uvimbe uko kwapani: kisa cha MRI ya matiti kutoka Pemba

Kisa hiki nakiandika kwa idhini ya mwenyewe. Nimeondoa jina lake, kijiji, umri kamili na majina ya hospitali alizopita, na mambo mengine madogo nimeyabadilisha ili jirani yake akisoma asimtambue. Mimi ni muuguzi wa kituo cha afya Pemba. Nilimpokea siku ya kwanza, na safari ya pili nilifuatana naye. Nitamwita Bi M.

Naandika kwa sababu kila mwanamke anayetakiwa kufanya MRI ya matiti, yaani picha za ndani ya titi kwa mashine ya sumaku, huja kuniuliza suala moja tu, "inauma?" Haiumi. Lakini yapo masuala mengine ambayo asipoyauliza hupoteza siku, nauli, na pengine nafasi yake ya kutibiwa mapema.

Usuli

Bi M. ana miaka arobaini na kitu, mama wa watoto watano. Mumewe ana mikarafuu ya urithi, yeye mwenyewe hushona kofia za viua. Alikuja kituoni na uvimbe kwapa la kushoto, ukubwa wa tende, ambao ulikuwa na miezi mitatu. Alishapewa antibayotiki mara mbili pahali pengine kwa kudhaniwa jipu. Nyumbani alichuliwa kwa mafuta mpaka ngozi ikababuka.

Nilipougusa nilipata wasiwasi kwa jambo moja: haukuwa ukiuma. Jipu hupata moto, huuma usiku, hutunga usaha. Huu ulikuwa mgumu na umetulia. Nikayapima matiti yote mawili kwa mkono, amekaa na amelala, nisipate kitu. Nikamwandikia rufaa siku ile ile.

Hospitali walichukua kinyama kwa sindano. Majibu yalisema kuna seli za saratani kwenye tezi ya kwapa, na vipimo vya maabara vinaelekeza kuwa chanzo chake ni titi. Siku ya majibu hayo ndiyo naihesabu kuwa siku ya 1 katika kisa hiki.

Siku ya 6 alivuka kwenda Unguja kwa mamogramu, yaani eksirei ya matiti, na altrasaundi. Zote mbili zilirudi safi. Hakuna uvimbe ndani ya titi, si la kushoto, si la kulia.

Yaliyotokea

*Kikao cha familia, siku ya 9*

Nilialikwa ukumbini kwao baada ya alasiri. Shemeji yake mkubwa alikuwa ameshika bahasha ya picha. Akaniambia kwa adabu, lakini kwa uhakika: "Daktari, (kwetu kila avaaye nguo nyeupe ni daktari) picha hizi zimesema titi halina kitu. Kwa nini tumhangaishe mtu?"

Suala lake lilikuwa la haki. Karatasi mbili zilikuwa zinapingana, na ile yenye habari njema ndiyo iliyokuwa na picha. Nilijaribu kueleza kuwa matiti ya Bi M. ni mazito, yaani yana tishu nyingi ya tezi za maziwa na mafuta machache. Kwenye mamogramu tezi huonekana nyeupe, na uvimbe nao huonekana mweupe. Walikuwa wakiniangalia tu. Aliyenisaidia ni Bi M. mwenyewe. Alikuwa kakaa pembeni na kofia isiyokwisha mapajani, akasema, "Kama kiua cha uzi mweupe juu ya bafta nyeupe. Kipo, lakini hukioni mpaka uinyanyue kofia kwenye mwanga."

Tangu siku hiyo nimeacha mifano yangu, natumia wake. MRI ya matiti ndiyo kuinyanyua kofia kwenye mwanga. Mwanga wenyewe ni dawa inayotiwa kwenye mshipa wa mkono, yenye madini yaitwayo gadolini. Saratani inapokua hujitengenezea mishipa yake ya damu, na mishipa hiyo ya haraka haraka huvuja. Dawa ikipita, huingia kwenye uvimbe upesi kuliko inavyoingia kwenye tishu ya kawaida, na mara nyingi hutoka upesi vilevile. Mashine hupiga picha kabla ya dawa, kisha hurudia na kurudia kwa dakika kadhaa baada ya dawa. Daktari wa picha anatazama kilichong'ara, kimeng'ara kwa kasi gani, na mwanga wake unapungua vipi.

Mashine yenyewe haitumii mionzi kama eksirei. Inatumia mawimbi ya redio na sumaku, tena sumaku kubwa mno: mashine ya tesla 1.5, ambazo ni nyingi mahospitalini, ina nguvu ya sumaku kiasi cha mara 30,000 ya ile ya dunia inayogeuza dira ya nahodha.

Familia ilikubali. Mume alisema atauza karafuu zilizokuwa zimeshakauka, asingoje kumaliza kuchuma.

*Wiki mbili zilizopotea, siku ya 14 mpaka 30*

Fomu ya MRI ilipotoka, Bi M. alipiga simu kutaka miadi. Aliyepokea alimuuliza tarehe ya hedhi, akamwambia asubiri: kipimo hufanywa siku ya 7 mpaka ya 14, ukihesabu tangu siku ya kwanza ya damu.

Kanuni hiyo ni sahihi. Homoni za nusu ya pili ya mwezi hulifanya titi zima kung'aa kidogo baada ya dawa, na mng'aro huo huweza kuficha kitu au kuonyesha kitu kisichokuwepo. Kwa mwanamke asiye na ugonjwa anayechunguzwa kwa tahadhari, kungoja siku hizo ni jambo la busara kabisa. Lakini Bi M. tayari alikuwa na saratani iliyothibitishwa. Mtu wa namna hiyo hacheleweshwi kwa ajili ya hedhi. Kwenye simu hakuulizwa kwa nini anafanya kipimo, na yeye hakusema. Hedhi yake siku hizo ilikuwa imeshaanza kupotea njia, na tukangoja damu ambayo haikuja.

Hapa na mimi nina lawama. Nilijua anangoja, nikadhani aliyemwambia kamuona daktari wa picha. Nilipokuja kupiga simu mwenyewe na kuomba kuzungumza na daktari, jibu lilichukua nusu dakika: aje hata kesho.

*Safari ya kwanza, siku ya 30*

Alikwenda na mumewe. Gari la usiku mpaka Mkoani, boti, kisha teksi mpaka kituo chenye MRI. Walifika, wakangoja, akaitwa, na mtaalamu alipoisoma fomu akawarudisha. Mashine ilikuwepo na inafanya kazi. Kisichokuwepo ni koili ya matiti.

Jambo hili sikulijua, na nadhani wengi hawalijui. Mashine ya MRI ni kama jiko, na kila kiungo kina chungu chake. Picha ya kichwa ina koili yake, goti lina yake. Ya matiti ni kibao chenye matundu mawili ambayo mgonjwa hulala juu yake kifudifudi, matiti yakaning'inia humo, na ndani ya kuta za matundu hayo ndimo mna nyaya zinazopokea mawimbi. Bila kibao hicho picha haina thamani ya kutafuta kitu cha milimita chache. Na fomu yetu ilikuwa imeandikwa "MRI ya kifua". Aliyepanga miadi alielewa kifua, mapafu na moyo. Neno moja.

Walilala Unguja kwa jamaa, wakarudi Pemba kesho yake. Mume hakunilaumu. Alinipa fomu mkononi akasema, "Safari nyengine utakwenda naye wewe."

*Maandalizi, siku ya 31 mpaka 36*

Safari hii nilipiga simu mwenyewe, Dar es Salaam, na niliandika masuala kwenye daftari kabla ya kupiga. Mnayo koili ya matiti? Mnatia dawa? Mnataka kipimo gani cha damu kabla? Mnahitaji picha za zamani? Yupo mtaalamu mwanamke? Majibu yalikuwa ndiyo, ndiyo, kreatinini, zote, yupo lakini si kila siku. Tukapanga siku yake.

Kreatinini ni kipimo cha damu cha kuangalia figo, kwa sababu dawa ya gadolini hutoka kwa njia ya mkojo. Kwa mtu ambaye figo zake zimechoka sana, baadhi ya dawa hizi, khasa za zamani, ziliwahi kuleta ugonjwa mbaya wa ngozi kukakamaa. Dawa za sasa ni salama zaidi, lakini vituo vingi bado vinataka majibu ya kreatinini, na mwenye kisukari au presha asiwe mzito kukifanya kipimo hicho. Tulipima hapa hapa Pemba. Figo zilikuwa nzima.

Bi M. alinitajia kuwa kamba wa baharini humwasha. Alikuwa kasikia kuwa mwenye kuwashwa na kamba hatiwi dawa ya picha. Hilo si kweli: gadolini haina uhusiano wowote na kamba. Hata hivyo nilimwambia aseme, kwa sababu mtu mwenye mzio mkali wa kitu chochote, au pumu, wataalamu hupenda kumtazama kwa karibu zaidi. Akina mama wanaonyonyesha nao huniuliza sana. Kiasi cha dawa kinachoingia kwenye maziwa ni chini ya asilimia 0.04, na mtoto huweza kuendelea kunyonya. Mwenye mimba lakini aseme mapema, maana kwake dawa hii huepukwa.

Mazoezi tuliyafanya sebuleni kwangu. Nilitandika mkeka, nikaweka mto mmoja chini ya paji la uso na mwengine chini ya tumbo, akalala kifudifudi mikono imenyooshwa mbele ya kichwa. Dakika ya nane alianza kujitikisa bega. Siku ya tatu alifika dakika thelathini. Nikamchezea kwenye simu sauti ya MRI, ile ya kugonga na kukereza kama fundi bati, ili isimshtue. Kama kuna kitu kimoja nilichokifanya vizuri katika kisa hiki chote, ni mkeka ule.

*Siku ya kipimo, siku ya 37*

Mlangoni pa chumba cha sumaku mna meza ndogo na bakuli la plastiki. Bi M. alivua pini za mtandio moja moja akizitia humo: saba. Kisha herini, kipini cha pua, saa. Wanja alikwisha kuuosha asubuhi. Buibui lenye zipu na nakshi ya nyuzi za kung'aa lilibaki chumba cha kubadilishia, akavaa gauni la hospitali lililo wazi mbele, na kichwa tukakifunga kitambaa cha pamba kisicho na pini. Bangili yake ya dhahabu, ya harusi, haikutoka. Dhahabu haivutwi na sumaku, lakini ndani ya mashine huweza kupata moto na kuharibu picha, na hakuna anayejua fundi kaichanganya na nini. Tulikwenda kwenye sinki na sabuni. Ilichukua muda mrefu, mkono ukawa mwekundu, ikatoka. Akaishika kiganjani akaitazama kama kitu cha mtu mwengine, kisha akampa mumewe.

Ndipo yakaja masuala ya fomu. Mtaalamu, kijana mpole, aliyasoma kwa sauti pale pale mlangoni, mume akiwa amesimama na bangili mkononi. Una betri ya moyo? Hapana. Uliwahi kupasuliwa kichwa, sikio? Hapana. Una kipande cha chuma jichoni au mwilini? Hapana. Una kitu chochote kilichowekwa na hospitali ndani ya mwili?

"Hapana," alisema, lakini aliniangalia mimi.

Nilimwomba mtaalamu dakika mbili. Chooni, mlango umefungwa, Bi M. alinambia kuwa baada ya mtoto wa tano aliwekwa kitanzi, na mumewe hajui. Kitanzi cha shaba hakizuii MRI kwenye mashine za kawaida, na haikuwa hatari. Lakini ingekuwa ni klipu ya mshipa wa ubongo? Ingekuwa ni kifaa cha kusikia? Angejibu vile vile "hapana", kwa sababu ile ile. Nilirudi nikamwambia mtaalamu kwa sauti ya chini, akaandika, na tukaendelea. Siri yake ilibaki kuwa siri, na naiandika hapa kwa kuwa aliniruhusu. Mume ameshajua, na nitafika huko.

Ndani alipanda juu ya kibao, akashuka kifudifudi, mtaalamu mwanamke akayaweka matiti sawa kwenye matundu yake. Sindano ya plastiki ilishakuwa mkononi, imeunganishwa na mrija mrefu. Akawekewa spika za masikio, na kiganjani akapewa mpira wa kuminya akitaka kutoka. Akaingizwa miguu kwanza.

Dakika ya pili aliminya. Wakamtoa. Si woga wa kelele, alisema, ni kwamba ubavu umekaa juu ya ukingo mgumu. Wakaongeza sponji, wakaanza upya. Hilo nalisisitiza kwa kila mgonjwa: lipo la kusema mwanzoni, liseme mwanzoni. Dawa ikishaingia hakuna kurudia siku hiyo, na ukijitikisa baada ya hapo picha za kabla na za baada hazilingani tena.

Kazi nzima ilichukua kama dakika arobaini. Baadaye alinisimulia kuwa dawa ilipopita alihisi ubaridi ukipanda mkono na ladha ya chuma mdomoni, basi. Alikuwa akivuta istighfari moyoni bila kutikisa midomo wala vidole, kwa kuwa tasbihi aliiacha nje. Alifika mia sita na kidogo.

*Ripoti, siku ya 41*

Ripoti ilikuja kwa Kiingereza kwenye simu ya mume, kabla ya mimi kuiona. Mtoto wa kaka yake, anayesoma skuli ya sekondari, aliitafsiri kwa programu ya simu. Usiku ule nilipigiwa: "Saratani ziko mbili, kila titi na yake."

Ripoti haikusema hivyo. Ilisema titi la kushoto lina kitu cha milimita 12 kilichong'ara upesi, kingo zake hazikunyooka, daraja la 5. Titi la kulia lina kitu cha mviringo cha milimita 8 kilichong'ara pole pole, daraja la 4. Madaraja haya huitwa BI-RADS na hutoka 0 mpaka 6. Daraja la 5 maana yake daktari wa picha anaamini kwa asilimia 95 au zaidi kuwa ni saratani. La 4 maana yake kuna shaka ya kutosha kuchukua kinyama. Ni shaka, si hukumu. MRI ni hodari sana wa kuona, na kwa sababu ya uhodari huo huona pia vitu vingi visivyokuwa saratani.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi mgumu ulikuwa huu wa titi la kulia. Familia ilikuwa tayari matiti yote mawili yaondolewe. Mama mkwe, kwa mapenzi, alisema afadhali maziwa yaende kuliko roho. Jamaa mwengine alitaka aanze dawa mara moja, hilo la kulia litaonekana mbele ya safari.

Daktari wa saratani alikataa yote mawili. Hatakata titi kwa ajili ya mng'aro ambao haujathibitishwa, na hataanza tibakemia, yaani dawa kali za kuua seli za saratani, huku kuna kitu ambacho hakijulikani, kwa sababu dawa zingeweza kukigeuza kisijulikane milele kilikuwa nini. Aliomba altrasaundi ya marudio, daktari akitazama na picha za MRI pembeni yake. Safari hii aliyetazama alijua pa kutazama, na vyote viwili alivipata. Altrasaundi ile ile iliyosema "safi" siku ya 6. Siku ya 48 vikachukuliwa vinyama vya pande zote mbili, na kwenye uvimbe wa kushoto wakaacha alama ndogo ya chuma, kama punje ya mchele iliyokatwa, ili dawa zikiusinyaza mpasuaji ajue ulikuwa wapi.

Matokeo

Siku ya 58 majibu yalitoka. Kushoto ni saratani, ya aina moja na ile ya kwapani. Kulia ni fibroadenoma, uvimbe wa kawaida ambao wanawake wengi wanao na hauna madhara. Siku ya 66 alianza tibakemia.

Kwa kuwa chanzo kilipatikana na ni kidogo, mpango uliwezekana kuwa ni kuondoa kipande cha titi pamoja na tezi za kwapa, kisha tibamionzi. Chanzo kisingepatikana, angekabiliwa na kuondolewa titi lote au kulipiga mionzi lote bila kujua ugonjwa umekaa wapi.

Nilichojifunza katika kisa hiki

Kilichofaa kwanza ni kutokubali neno "safi". Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa saratani ya matiti wa mwaka 2021, limeweka lengo kuwa mwanamke athibitishwe ugonjwa ndani ya siku 60 tangu afike kituoni mara ya kwanza. Bi M. tulikuwa tumeshalipita kabla ya kuanza kuhesabu, kwa ile miezi mitatu ya jipu. Kila siku ya baadaye ilikuwa deni juu ya deni. Kati ya siku ya 14 na ya 37 hakukuwa na sababu hata moja ya kitabibu ya kungoja. Tulingojea hedhi isiyohitajika na kibao kisichokuwepo.

Yote hayo yana mzizi mmoja. Kila aliyemhudumia alijua sehemu yake, na hakuna aliyekuwa na suala lenyewe mkononi: *tunatafuta chanzo cha saratani iliyokwisha onekana kwapani*. Laiti maneno hayo yangeandikwa kwenye fomu, mpokea simu asingeuliza hedhi, na mpanga miadi asingedhani mapafu. Sasa fomu ninazozipitia naandika sababu kwa sentensi nzima, na mgonjwa naye namfundisha aiseme kwa mdomo wake: nafanya MRI kwa sababu kadha.

Maana sababu hutofautiana, na maandalizi hutofautiana nazo. Yupo anayefanya kila mwaka kwa kuwa amerithi hitilafu kwenye jeni ya BRCA1 au BRCA2, ambayo huzidisha hatari ya saratani ya matiti, au alipigwa mionzi ya kifua ujanani. Huyu angoje siku zake za mwezi, na asiiache mamogramu, kwani kuna chembe za chokaa ambazo mamogramu huziona na MRI haizioni. Yupo anayetaka kujua kama tibakemia inafanya kazi. Yupo mwenye silikoni iliyotiwa ndani ya titi anayeshuku imepasuka, na huyo hata dawa ya mshipa hahitaji. Na yupo mwenye uvimbe wa titi unaoshikika, ambaye altrasaundi na kinyama vinamtosha kabisa; kwake MRI ni kupoteza karafuu za watu.

Jambo la kitanzi bado linaniuma. Masuala ya chuma hayapaswi kuulizwa mbele ya mume, mkwe wala jirani, na hilo si la mgonjwa kulirekebisha. Ni letu. Bi M. hakudanganya kwa ujinga. Alipewa dakika moja kuchagua kati ya usalama wa mwili na usalama wa nyumba, mlangoni, watu wamesimama. Mgonjwa ninachoweza kumwambia ni kuwa ana haki ya kuomba mlango ufungwe.

Mmoja aliniuliza kuhusu saumu, kwa kuwa miadi yake iliangukia Ramadhani. Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ya Jidda, katika kikao chake cha 1997, ilieleza kuwa sindano za matibabu zisizokuwa za lishe, hata za mshipani, hazifunguzi. Namuachia kila mtu na shekhe wake, lakini miadi ya saratani isiahirishwe kwa kudhania tu.

Na ripoti: ningeomba isitumwe kwenye simu ya mtu bila mtu wa kuisoma naye. Familia ile ililala usiku mmoja na saratani mbili.

Baada ya hapo

Tibakemia ilipofika katikati, Bi M. alitakiwa MRI ya pili kuona kama uvimbe umesinyaa. Nilifuatana naye tena. Bangili alikuwa kaiacha Pemba, na mtandio alikuja nao wa kufunga, bila pini hata moja. Bakuli la plastiki lilibaki tupu.

Fomu ilipotolewa, kabla ya suala la kwanza, alimgeukia mumewe. "Baba watoto, tungoje nje kidogo, nna maneno na hawa." Mume akatoka. Mtaalamu akaanza kusoma, betri ya moyo, kichwa, sikio, jicho. Alipofika kwenye vitu vilivyowekwa na hospitali, Bi M. akanyanyua vidole viwili.

"Viwili," akasema. "Alama ya titi, na kitanzi." Akaninong'oneza kuwa yeye mwenyewe alimwambia mumewe, wiki iliyopita, na kwamba mume alinyamaza siku mbili kisha akauliza kama kitanzi hakitamuumiza ndani ya ile mashine.